Kijana na Kitabu: Historia Fupi ya Vitabu Vilivyowavuta Vijana Wetu Kusoma

Utangulizi

Malalamiko kwamba vijana wa kiume hawapendi kusoma si mageni masikioni mwetu. Walimu huyatoa katika vikao vya shule, wazazi huyatoa majumbani, na sisi wenye kushika kalamu huyatoa kila tuonapo vitabu vikilala madukani bila mnunuzi. Katika malalamiko hayo kijana huwa ndiye mshitakiwa, na aghalabu hapewi nafasi ya kujitetea. Husemwa kuwa ni mvivu, kwamba akili yake imetekwa na mpira, na siku hizi kwamba imetekwa na simu ya mkononi. Ni nadra kuulizwa swali lililo la msingi, nalo ni hili: amepewa kitabu gani?

Katika insha hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutavitazama vitabu vya Kiswahili vilivyopata kutiwa mikononi mwa vijana tangu karne ya 19 hadi leo, ili tuone vipi viliwavuta na kwa sababu gani. Kisha tutataja vitabu ambavyo mwalimu anaweza kumpa mvulana wa miaka 13 hadi 17 asiyependa kusoma. Si kwamba msichana hana haki ya kitabu. Vitabu vingi tutakavyovitaja vinamfaa yeye pia. Lakini mvulana ndiye anayelalamikiwa zaidi, kwa hiyo kesi yake ndiyo tunayoisikiliza hapa.

Hadithi kabla ya kitabu

Kijana wa Kiafrika hakungoja kitabu kije ndipo apende hadithi. Ngano na vitendawili vilikuwa shule yake ya jioni, na msimulizi aliyeshindwa kumshika msikilizaji alijua papo hapo, kwa kuwa watoto walisinzia au waliondoka. Katika miji ya Pwani, ambako maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yana umri wa karne kadhaa, tenzi ndefu za vita kama ule wa Ras il Ghuli hazikuandikwa ili mtu ajifungie nazo chumbani. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Kusoma kulikuwa ni shughuli ya watu wengi pamoja.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mwalimu. Shule ya kisasa ilimchukua kijana aliyezoea hadithi yenye sauti, ikamketisha peke yake mbele ya ukurasa ulio kimya, kisha ikamwuliza maswali. Kijana akishindwa kutulia, twasema hapendi kusoma. Yamkini anachokikosa ni ile sauti tu.

Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza iliyokuwa Unguja aliufahamu ukweli huo kwa kiasi fulani. Mwaka 1870 alichapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna kisa cha punda wa dobi, ambacho ndani yake kima anamdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Kisa hicho kinajulikana hadi leo hata kwa watu wasiopata kukiona kitabu chenyewe. Ni dalili kwamba hadithi iliyotoka kinywani mwa watu huingia kitabuni na kutoka tena bila kupoteza nguvu.

Masimulizi ya wasafiri

Mwanzoni mwa karne ya 20 vilitokea vitabu vya namna nyingine. Mjerumani Carl Velten alikusanya maandishi ya Waswahili wenyewe, akayachapisha Ujerumani: Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, kilichotokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Katika kitabu cha safari mna habari za Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Hebu tufikiri: mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anaiona Siberia kwa macho yake, kisha anaieleza kwa Kiswahili! Tunao vijana wa shule wanaodhani kuwa safari za mbali ziliandikwa na Wazungu tu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia habari za mtu huyu.

Katika miaka hiyo hiyo yalichapishwa pia maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Masimulizi hayo yanaanza wakati yeye ni mtoto wa miaka 12 anayeshika njia kwenda kufanya biashara ya sandarusi. Mvulana wa darasa la saba akiusikia mwanzo huo atataka kujua kilichofuata. Kilichofuata ni biashara ya pembe na utumwa, na hapo ndipo mwalimu anapopata kazi yake. Kitabu kinachomvuta kijana si lazima kiwe kimeandikwa na mtu mwema.

Enzi ya tafsiri

Serikali ya Kiingereza ilipoitawala Tanganyika, idara yake ya elimu ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili kwa nchi zote nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na katibu wake wa kwanza akawa Frederick Johnson. Yeye na wenzake walitafsiri hadithi za Kiingereza kwa matumizi ya shule: Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, na Safari za Gulliver mwaka 1932. Alfu Lela Ulela nayo ilipata kusomwa kwa Kiswahili.

Vitabu hivi vilisomwa na vizazi kadhaa, na hatuwezi kusema vilisomwa kwa kulazimishwa tu. Vilikuwa na ramani ya hazina, maharamia, majangwa na mapango. Kila sura ilimalizika mahali ambapo msomaji hangeweza kupaacha. Wachaguzi walijua kwamba mvulana hupenda hatari iliyo mbali naye na siri inayochelewa kufumbuliwa.

Pamoja na hayo, vilikuwa na kasoro ambayo wakati ule haikutajwa darasani. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, mashujaa wanaokuja kutafuta almasi ni Wazungu watatu, na nchi yenye almasi ni Afrika. Kijana Mwafrika alialikwa afurahie safari ambayo ndani yake watu wa namna yake, isipokuwa mmoja anayetokea kuwa mfalme, ni wapagazi, askari na wachawi. Alipewa raha ya kusoma, akanyimwa nafasi ya kujiona. Kinyume chake ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hiki kinasimulia habari za watu waliokamatwa wakauzwa, hata wakakombolewa, na mwandishi alizaliwa miongoni mwa jamaa za watu hao. Mwalimu anayewasomea vijana maisha ya Tippu Tip na akafuatisha kitabu cha Mbotela amewafundisha historia kwa pande zake mbili, bila hotuba.

Shaaban Robert na Bwana Msa

Sifa za Shaaban Robert (1909 hadi 1962) hazihitaji kurudiwa. Tungependa tu kumtetea juu ya jambo moja, maana wavulana wengi humwogopa. Humwogopa kwa sababu hutangulizwa kwao kama mwalimu wa maadili, na maswali ya mtihani huwataka wataje mafunzo yatokanayo na kitabu. Lakini Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni kitabu cha siri. Mtawala mwadilifu anayesifiwa na kila mtu, kila usiku huwapiga manyani wawili, kisha hulia nao. Kwa nini? Mwalimu akilitupa swali hilo darasani na kukifunga kitabu, ataona nani wataomba kukiazima. Kadhalika Kusadikika, cha mwaka 1951, ni kesi: mtu yuko kizimbani, uhai wake uko hatarini, naye hana silaha ila maneno yake. Mafunzo yamo, nayo yatamfikia msomaji. Lakini yamfikie baada ya kisa.

Kisha akatokea Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Mtu ameuawa na maiti yake imeonekana mahali pa mizimu. Watu wanataja mizimu. Bwana Msa, na kiko chake, anataja sababu na ushahidi. Ni kweli kwamba mwandishi alijifunza mengi kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Lakini mitaa ni ya Unguja, chakula ni cha Unguja, na Kiswahili ni kitamu ajabu. Kwa mara ya kwanza katika riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, kijana alikutana na mtu mwerevu kuliko wote kitabuni, na mtu huyo ni mwenyeji. Ile nafasi iliyokosekana katika Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuwa imepatikana. Vitabu vingine vya Bwana Msa vilifuata, kikiwamo Kisima cha Giningi mwaka 1968, na Faraji Katalambulla wa Tanzania Bara naye akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965.

Baada ya Uhuru

Taifa huru lililiona suala la kusoma kuwa ni suala la ukombozi. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni zilizofuata ziliwapeleka akina mama na wazee darasani. Wakati wa Uhuru watu wazima wengi hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba karibu watu wazima 90 katika kila 100 walijua. Ushindi huo ni mali ya taifa. Lakini kumjulisha mtu kusoma ni kumpa jembe; shamba lisipokuwapo jembe litashika kutu.

Shamba lililimwa kwa juhudi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, pamoja na mzigo wa uongozi, alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama mwaka 1967, na riwaya maarufu ya Chinua Achebe ilitoka kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa kuwa kilitaja waziwazi mambo ambayo wakubwa waliona hayafai vijana. Baadaye kilikubaliwa na kikafundishwa. Wanafunzi wakumbuke kisa hicho waonapo tunabishana juu ya kipi kiwafae: wakubwa nao hubadili hukumu zao.

Pembeni mwa vitabu vya shule palikuwa na vitabu vingine, vidogo, vya bei nafuu, vilivyouzwa vichochoroni na kwenye vituo vya mabasi. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba akawa kipenzi cha vijana. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na visa vya Willy Gamba vimefungamana na mapambano hayo dhidi ya wakoloni na makaburu wa Kusini. Katika miaka ya 1980 gazeti la Sani, lenye hadithi za picha na vichekesho, lilipita mkono kwa mkono madarasani hadi likachakaa.

Wahakiki wengi waliviita vitabu hivyo takataka, na baadhi kweli havikuwa na thamani kubwa. Hata hivyo sisi twasema wazi kwamba vilifanya kazi ambayo orodha rasmi za shule hazikuifanya. Viliwafanya wavulana wasome kitabu kizima kwa hiari yao, usiku mmoja, kwa taa ya kibatari. Mtu aliyewahi kufanya hivyo mara moja anajua kwamba kusoma kuna raha, na maarifa hayo hayamtoki. Asiyewahi kufanya hivyo, hata akifaulu mtihani wa fasihi, siku ya kumaliza shule ndiyo siku ya kumaliza vitabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilipata dhiki kubwa ya fedha za kigeni, karatasi ikawa adimu, na vitabu vingi vikaacha kuchapishwa tena. Wanafunzi wa wakati ule waligawana kitabu kimoja watu wengi. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao umechapisha vitabu vingi vya Kiswahili kwa shule za msingi. Lakini mtoto aliyekuzwa na vitabu hivyo huingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, naye huanza kukihusisha kitabu na kamusi na jasho. Hapo ndipo wavulana wengi hupotea. Kwa hiyo hatari kubwa iko katika miaka ile ile ambayo kijana anahitaji hadithi zaidi.

Kitabu gani kwa kijana gani?

Historia hii inatuonyesha kwamba kijana huvutwa na kitabu kinachomficha jambo analotaka kulijua, na hukaa nacho anapojiona ndani yake. Mwalimu aanze na kijana, kisha aende kabatini.

Kijana apendaye mafumbo na mabishano apewe Mzimu wa Watu wa Kale. Apendaye mbio na hatari apewe Kufa na Kupona, na mwalimu asione haya kumpa. Mwenye kuchekesha wenzake darasani apewe Hekaya za Abunuwasi, ambazo kila moja husomwa kwa dakika chache. Atazisimulia mwenyewe kesho yake. Anayenung'unika juu ya viranja na wakubwa apewe Shamba la Wanyama.

Kijana aliyefiwa, au anayelelewa mbali na wazazi, hujificha nyuma ya ukaidi. Huyo apewe Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Ni habari za kijana wa Tanga anayesafiri hadi Kenya kumtafuta baba yake asiyemjua. Aliyeonja ufukara wa mjini apewe Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, cha mwaka 2002. Atawakuta watoto wanaoikosa shule kwa ajili ya umaskini, na hataona kwamba anahubiriwa.

Kwa aliyekwisha kuonja na sasa anataka kitu kizito, tunapendekeza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii iliandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake, kisha anafuatana na msafara kwenda bara. Wasomaji watakumbuka kwamba Tippu Tip naye alianza njia akiwa na miaka 12. Mmoja alishika njia kama mfanyabiashara, mwingine kama rehani. Kijana akivisoma vitabu vyote viwili atakuwa ameielewa karne ile kuliko kwa kukariri tarehe.

Namna ya kutoa kitabu

Kutaja vitabu hakutoshi; namna ya kuvitoa ni nusu ya kazi. Kwanza, mwalimu asome sura ya kwanza kwa sauti, aishie mahali pabaya, kisha akiache kitabu mezani. Hivyo atakuwa ameurudisha ule utaratibu wa zamani wa mmoja kusoma na wengine kusikiliza.

Pili, kitabu cha kwanza kiwe kifupi. Kijana asiyezoea akipewa kurasa 400 huuona mlima, lakini kurasa 90 akizimaliza atatembea kifua mbele.

Tatu, aruhusiwe kukiacha kitabu kisichomvuta na kuchagua kingine, kama vile msikilizaji wa ngano alivyokuwa huru kuondoka. Nne, kitabu cha hiari kisiwe na mtihani wala muhtasari. Mwalimu aulize jambo moja tu, tena kama mtu anayetaka kujua: je, umefika pale?

Tano, kabati la vitabu lifunguliwe. Tunazijua shule ambazo vitabu hufungiwa ili visichakae, navyo hubaki vipya hadi mchwa wavile. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimeshalipa gharama yake. Mwisho, mwalimu mwenyewe aonekane akisoma. Mvulana huiga mwanamume anayemheshimu, na kama hajamwona hata mmoja akishika kitabu kwa furaha, ataamini kwamba vitabu ni vya kupitia mtihani tu.

Tamati

Tumeona kwamba katika kila zama vijana wetu walisoma walipopewa sababu ya kusoma. Kwa hiyo hatuoni haki kumhukumu mvulana wa leo kabla ya kumwonyesha Bwana Msa, Adili, Willy Gamba na Yusuf. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini wavuvi nao hujua kwamba samaki hatangulii kukunjwa, hutangulia kuvuliwa, na kila samaki ana chambo chake.

Tunawaomba walimu wafanye jambo moja muhula ujao. Kila mmoja amchague kijana mmoja anayesemwa kuwa hasomi, azichunguze tabia zake kwa wiki mbili, kisha amtilie mkononi kitabu kimoja bila maneno mengi. Asipokisoma, ampe kingine. Nanyi wanafunzi, mkipewa kitabu kisichowavuta msiseme kwamba vitabu havina maana. Semeni kwamba hicho si chenu, mwombe kingine. Vitabu vya Kiswahili vimekuwa vingi kiasi kwamba chenu hakikosekani.